Kaka anasema joto ni neema

Shikamoo Bibi Shamba,

Mimi ni kijana wa miaka 34, kitinda mimba, na kwa mila zetu za huku Marangu ndimi niliyebaki kihambani, kwenye shamba la ukoo, na mama. Tuna ekari moja na robo: migomba, kahawa aliyopanda babu, ng'ombe wawili wa ndani, na shamba la mahindi kule chini. Kaka yangu mkubwa yuko Edmonton, Kanada, huu mwaka wa kumi na sita. Ndiye aliyenisomesha, ndiye anayetuma hela ya dawa za mama, kwa hiyo neno lake hapa nyumbani lina uzito.

Krismasi iliyopita alikuja. Siku ya pili tumekaa nje na wajomba, mbege inazunguka, mimi nikasema kahawa imepungua kwa sababu ya joto. Nikamwonyesha kilele cha Kibo, nikamwambia angalia barafu ilivyobaki. Akacheka. Akasema walitabiri barafu itakwisha 2020, mbona iko pale inatutazama? Akasema baridi inaua watu wengi kuliko joto. Akasema hewa ya ukaa ni chakula cha mimea, na mvua zitaongezeka, kwa hiyo sisi watu wa mlimani tumshukuru Mungu, joto kwetu ni neema. Anataka tung'oe kahawa yote tupande maparachichi ya Hass. Hela ya tangi la maji niliyomwomba hatoi, eti mvua zinakuja.

Nilikosa la kujibu, hasira zikanipanda. Nikamwambia aliyekimbia kihamba hana haki ya kupanga kipandwe nini. Wajomba wakanyamaza. Mama akainuka akaingia ndani.

Tangu siku hiyo kwenye grupu la familia ananitumia makala, na mimi namtumia za kwangu. Hakuna anayesoma za mwenzake. Bibi, nani mkweli? Na nimjibuje?

Mdogo Mtu, Marangu

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa ajili ya kahawa, ya pili kwa ajili ya mama yako aliyeinuka akaingia ndani. Nianze na kahawa, kwa kuwa ndiyo uliyoniuliza. Kwa mama tutafika.

Kwanza nikuudhi kidogo. Kaka yako si mjinga. Katika yale manne aliyokutupia siku ile, hakuna hata moja ambalo ni uongo mtupu, na ndiyo maana ulikwama. Uongo mtupu ungeujibu na glasi yako mkononi.

Wala hakuanza yeye. Mtu wa kwanza kukaa chini akapiga hesabu ya jinsi hewa ya ukaa inavyoweza kuipasha dunia joto alikuwa Msweden, Svante Arrhenius, mwaka 1896. Alikokotoa kwa kalamu na karatasi, akapata kwamba hewa hiyo ikiongezeka maradufu, joto litapanda kwa digrii 5 au 6. Unadhani alishtuka? Miaka kumi hivi baadaye aliandika kitabu akasema watakaokuja nyuma yetu watafaidi hali ya hewa iliyo nzuri zaidi, hasa kwenye nchi za baridi, na mavuno yataongezeka. Mwaka 1938 akaja Mwingereza, Guy Callendar, injinia wa mitambo ya mvuke, akakusanya vipimo vya vituo vya hali ya hewa huku na kule duniani, akaonyesha kwamba joto limekwisha kuanza kupanda. Naye akaona ni heri: kilimo kitasogea kaskazini, na enzi za barafu zitachelewa kurudi.

Watu hawa hawakumdanganya mtu. Waliandika wakiwa wamevaa makoti, basi. Kaka yako anaishi mahali ambapo Januari inaweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, gari lisipochomekwa kwenye umeme usiku, asubuhi haliwaki. Mtu aliyeishi hivyo miaka kumi na sita akisikia dunia inapata joto, wewe ulitaka alie?

Hilo la baridi kuua kuliko joto, kalitoa kwenye utafiti wa kweli. Ulichapishwa 2015, ulihesabu vifo vya mamilioni ya watu, na ulikuta vifo vilivyohusishwa na baridi ni zaidi ya asilimia 7 wakati vya joto havifiki hata nusu ya asilimia 1. Mwambie umekubali. Halafu mwombe akusomee orodha ya nchi zilizohesabiwa. Ni 13. Imo Sweden, imo Uingereza, Japani, Marekani, Kanada yake mwenyewe, na hata Brazil na Thailand. Nchi ya Afrika haimo hata moja. Kwetu mzee akizimia ndani ya nyumba ya bati Februari pale Manzese, cheti cha kifo kitaandikwa presha. Joto haliandikwi. Kwa hiyo hesabu ile ni sahihi kwa waliohesabiwa, na sisi hatukuhesabiwa.

Na ukitaka mfano wa kwao, upo jirani na jimbo lake. Mwishoni mwa Juni 2021, British Columbia ilipatwa na joto ambalo wenyeji hawakuwahi kuliona. Kijiji cha Lytton kilifika nyuzi 49.6, kesho yake kikateketea kwa moto. Ofisi ya serikali ya kuchunguza vifo ilihesabu watu 619 waliouawa na joto lile katika jimbo hilo, wengi wao wazee waliokuwa ndani ya nyumba zao. Nyumba zilizojengwa kushika joto, unaelewa, zilifanya kazi yake.

Hewa ya ukaa kuwa chakula cha mimea nalo ni kweli, mtoto wa darasa la sita analijua. Satelaiti zimeonyesha sehemu kubwa ya dunia ina majani mengi kuliko miaka ya 1980, na hewa hiyo ndiyo sababu kubwa. Lakini mimea haili kwa namna moja. Mgomba, maharage, mpunga, muhogo, kahawa, hao hupata nguvu hewa ya ukaa ikiongezeka. Mahindi, mtama, ulezi na miwa wana njia yao ya kuikusanya hewa hiyo ndani ya jani, walishashiba zamani, ukiwaongezea hawana haja sana. Sasa niambie, shamba lako la chini umepanda nini? Na chakula bila maji hakiliki, ni kama kumpa mtu kilo mbili za sembe na sufuria kavu. Kisha kuna hili la ubora: ngano iliyooteshwa kwenye hewa yenye ukaa wa kiwango kinachotarajiwa katikati ya karne hii ilikutwa imepungukiwa zinki kwa karibu asilimia 9 na madini ya chuma kwa asilimia 5. Gunia likajaa, damu ya mtoto ikabaki palepale.

Juu ya mahindi kuna kazi moja ninayoipenda kwa sababu iliyafanya mashamba ya Afrika yenyewe yaseme. Ilitoka 2011, ikitumia matokeo ya majaribio zaidi ya 20,000. Ilikuta kila digrii moja inayopita nyuzi 30, kwa kila siku inayopita hivyo, inakata mavuno kwa asilimia 1 mvua ikiwa nzuri, na asilimia 1.7 kukiwa na ukame. Hesabu siku za joto za shamba lako la kule chini mahindi yakiwa yamesimama. Lakini, na hapa kaka yako apewe haki yake, kazi hiyohiyo ilionyesha kwamba kwenye nyanda zenye ubaridi mahindi yanaweza kunufaika na digrii moja ya kwanza. Mtu wa Makete, ambako barafu ya alfajiri huunguza majani ya viazi mwezi wa saba, akikwambia miaka hii imekuwa na nafuu, usimbishie. Anasema alichokiona.

Sasa twende kwenye barafu ya Kibo, maana hapo ulijiangusha mwenyewe.

Mwaka 1912 barafu yote ya Kilimanjaro ilikuwa kama kilomita za mraba 12. Kufikia 2000 zilibaki kama 2 na nusu, na 2011 hazikufika 2. Kupungua si ubishi. Ni kweli pia kwamba mwaka 2002 kundi la watafiti, Lonnie Thompson akiwa kinara wao, lilisema barafu ile itakuwa imekwisha kati ya 2015 na 2020. Haikwisha. Kaka yako alikukamata hapo. Tena kuna wataalamu wengine waliochunguza mlima uleule wakasema barafu ilianza kurudi nyuma tangu miaka ya 1880, gari la kwanza halijafika Moshi, na kwamba kilichoila zaidi ni hewa kukauka na theluji mpya kupungua. Kwenye ubaridi wa kule juu barafu huweza kugeuka mvuke bila hata kuyeyuka. Joto limo kwenye kesi, lakini si mshitakiwa peke yake.

Tena maji ya mfongo wako, ule mfereji wa kumwagilia, hayatoki huko kwa kiasi kinachodhaniwa. Yanatoka msituni. Ule ukanda wa msitu ulio juu ya vihamba ndio unaopokea mvua nyingi na kuishika. Barafu ikiondoka yote kesho, utalia kwa uzuri wake na watalii watalia na wewe, ila mgomba wako hautajua. Msitu ukiungua, utajua kabla ya mwezi. Kwa hiyo ulipomwonyesha kaka Kibo, ulimwonyesha picha ya kalenda. Ulipaswa kumwonyesha kitu kilichokuwa hatua tano nyuma yako.

Inuka sasa uende kwenye mkahawa ulio karibu. Chuma buni moja inayoanza kuiva. Ishike kati ya vidole, uigeuze hadi kitovuni, upande ule ua lilipodondokea. Tazama vizuri. Ukiona kitundu kidogo kama kilichochomwa na pini, pengine na unga unga mdomoni, pasua. Ndani utamkuta mdudu mweusi, mdogo kama punje ya ulezi, na watoto wake wamejenga nyumba kwenye punje ambayo ungeuza. Nilipoanza kazi ya ubibi shamba, mdudu huyu tulikuwa tukimfuata mashamba ya chini. Ukipanda juu ulikuwa humwoni, ubaridi ulimshinda. Watafiti wamemkuta akipanda mlima, mita mia tatu hivi ndani ya mwongo mmoja. Hakusoma makala yoyote. Kafuata joto.

Na kahawa yenyewe ya arabika ni mmea wa kutaka usiku wa baridi. Mwaka 2015 ulitoka utafiti uliolinganisha mavuno ya kahawa ya Tanzania ya miaka mingi na vipimo vya hali ya hewa. Walichokikuta ni kwamba joto la mchana halikuwa na neno kubwa. Kisu kiko usiku: kila digrii 1 ya joto inayoongezeka alfajiri inakula kama kilo 137 za kahawa kwa hekta kwa mwaka. Mama yako anaweza kukuhakikishia bila utafiti. Muulize zamani alikuwa anajifunika mablanketi mangapi mwezi wa saba.

Nakupa hesabu moja ambayo ningependa uimeze kabla hujamwandikia kaka tena. Mlimani, kila ukipanda mita 100 hewa hupoa kwa zaidi kidogo ya nusu digrii. Geuza hesabu hiyo. Joto likiongezeka digrii moja, ni sawa na mtu amekichukua kihamba chenu, na migomba yake, na kaburi la babu, akakiteremsha mita 150 au zaidi kuelekea Himo. Hujahama, lakini umeteremshwa. Na kahawa iliyokuwa pazuri pale inatakiwa ipande mita hizohizo kurudi kwenye ubaridi wake.

Ipande wapi? Juu yenu ni vihamba vya watu. Juu ya vihamba hivyo, kwenye mita kama 1,800, inaanza hifadhi, na hakuna atakayekuruhusu ufyeke msitu upande kahawa, na akikuruhusu utakuwa umejikatia maji. Mlima una mwisho, mwanangu. Kanada haina mwisho wa aina hiyo. Mkulima wa ngano wa kule joto likimsukuma, ana ardhi kaskazini, hata kama udongo wake si mzuri, na ana bima, na ana serikali ya kumlilia. Kaka yako na wewe mnabishana kama joto ni zuri au baya kana kwamba mnazungumzia chumvi kwenye mchuzi. Mimi katika miaka yangu ya kazi nimejifunza kuuliza swali jingine kabisa: nani ana pa kuhamia?

Nilipata kwenda Jambiani, Unguja, maji ya bamvua yamekupwa mbali, tukatembea na mama mmoja hadi kwenye mambo zake, vile vijiti alivyochomeka mchangani na kamba kati yake. Maji yalitufika magotini, na yalikuwa ya moto. Mtu angeweza kumwogeshea mtoto mchanga. Akanyanyua kamba. Mwani ule mnene, kotonii, wenye bei kuliko ule mwingine, spinosamu, ulikuwa umegeuka mweupe kwenye viungo kama kucha, ukiugusa tu unakatika. Alifungua tai-tai, vile vijikamba vya kufungia mwani, moja moja akautupa. Akaniambia waliambiwa wahamie kwenye maji ya kina, kule ubaridi upo na kotonii inakubali. Ni kweli inakubali. Lakini kina kinataka mashua, kinataka kuogelea, na kilimo cha mwani Zanzibar ni cha wanawake ambao wengi hawakufundishwa kuogelea. Ninyi mnatakiwa mpande, wao wanatakiwa washuke, na wote mmekuta mlango umefungwa.

Ipo faida nyingine iliyosahauliwa kwenye mbege yenu, nami naitaja haraka kwa haki. Kijidudu cha malaria hakikomai ndani ya mbu kukiwa na ubaridi chini ya nyuzi 18 hivi. Malaria husambaa vizuri zaidi kwenye nyuzi kama 25, ikizidi sana inapungua tena. Kwa hiyo sehemu zilizo na joto kali tayari zinaweza kupata nafuu kidogo ya malaria. Mbu wa dengi lakini anapenda joto zaidi ya hapo, nyuzi 29 hivi ndiyo raha yake, na Dar es Salaam inaikumbuka milipuko ya 2014 na 2019. Ninyi wa mlimani mlikuwa mkiuachia uwanda wa chini homa zake. Neti na dawa zimefanya kazi kubwa kuliko hali ya hewa, kwa hiyo usiende kumtisha mama. Ila neti iwepo.

Sasa mvua, maana hapa ndipo kaka anakunyima tangi. Sisi wakulima hatuli digrii, tunakula mvua. Wataalamu wengi wanaotumia kompyuta kukadiria hali ya hewa wanasema kweli kwamba Afrika Mashariki itapata mvua zaidi. Kaka kasoma sawasawa. Tatizo ni kwamba kwa miongo kadhaa masika katika sehemu kubwa ya ukanda wetu yalikuwa yakipungua, na wataalamu wenyewe wanaliita hilo fumbo. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, Kenya ya kaskazini, Somalia na Ethiopia ya kusini zilikosa mvua misimu mitano mfululizo. Mwisho wa 2023 ikaja El Niño, na mvua zilizofuata zikasomba watu na madaraja. Ukichukua wastani unaweza ukasema mvua ilikuwa ya kutosha. Ng'ombe haishi kwa wastani. Hewa yenye joto hubeba mvuke zaidi, kama asilimia 7 kwa kila digrii, kwa hiyo inyeshapo hunyesha kwa hasira, na isiponyesha, joto hilohilo linanyonya udongo.

Kwa hiyo mpigie kaka hesabu ya bati. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 10 linatoa lita 1,000. Kama yeye ndiye mkweli na mvua zinaongezeka, tangi litajaa na kumwagika, hela yake haikupotea. Kama mimi ndiye mkweli na mvua zinakuja kwa mafungu, tangi ndilo litakalowafikisha ninyi na ng'ombe fungu la pili. Katika mabishano yenu yote, hicho ndicho kitu kimoja ambacho hakihitaji mshindi.

Kahawa msing'oe yote. Kata ile iliyochoka, mikahawa ya babu haikuapa kuishi milele. Kituo cha utafiti wa kahawa kiko Lyamungu, humohumo mkoani kwenu, wana miche inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, nenda na swali lako ukajionee. Ujue tu kwamba kustahimili ugonjwa si kustahimili joto. Dawa ya joto iko kwa babu zenu: kivuli. Kihamba cha Kichaga, mti mrefu juu, mgomba katikati, kahawa chini yake, maharage na magimbi miguuni, kilikuwa kinapoza hewa kabla hata neno mabadiliko ya tabianchi halijazaliwa. Nimewaona vijana wakikata miti yote ili "jua liingie". Limeingia. Tandaza majani ya migomba kwenye mashina, nene, usione aibu.

Maparachichi pandeni, mbona. Kumi, kumi na tano, pembeni, miche iliyobebeshwa kutoka kwa mtu anayeaminika, pasipotuama maji. Hass ina soko na Njombe na Rungwe wanaijua. Lakini nayo haipendi joto kali, na mche mchanga unataka maji kiangazi. Mtu anayeng'oa kahawa yote apande zao jingine moja kwa sababu joto ni neema, anacheza kamari na chakula cha mama yake. Mwambie kwa maneno yako, si kwa haya yangu.

Basi tumefika kwa mama.

Ulisema aliyekimbia kihamba hana haki. Mwanangu, nani alilipa ada yako? Uliyemwambia hivyo mbele ya wajomba ni mtu ambaye kila mwezi anakumbuka majina ya dawa za mama kwa usahihi kuliko wewe. Yeye naye alikosea. Alikucheka juu ya kahawa wewe unayeamka kuitazama kila siku, mbele ya watu. Nadhani, na mnisamehe kama nabuni, hakuwa anacheka barafu. Mtu aliyeko mbali anapoambiwa nyumbani kunaharibika, ana njia mbili: aumie kwa kuwa hayupo, au aamini hakuna kinachoharibika. Ya pili ndiyo inayomruhusu kulala.

Toka kwenye makala. Acha kabisa kumtumia, na zake usizijibu kwenye grupu, mama anasoma zote hata kama haandiki. Mpigie, wewe na yeye tu, Jumapili jioni ya kwetu ambayo kwake ni asubuhi. Anza na samahani ya lile neno, isiwe na "lakini" nyuma yake. Siku hiyo usitaje joto.

Kisha mwombe akununulie kipimajoto, kile kinachoshika ubaridi wa chini kabisa wa usiku na joto la juu la mchana. Si ghali, naye anapenda vipimo, utaona atakavyouliza maswali. Kitundike kivulini, urefu wa kifua, mbali na jiko. Kila alfajiri kabla hujakamua piga picha umtumie, pamoja na mvua ukiweza kupima. Picha peke yake, bila maelezo. Mwaka ukiisha mtakuwa na daftari moja la watu wawili, na mtalisoma pamoja Krismasi nyingine, na kama litamtetea yeye, umnunulie mbege.

Na ile buni yenye tundu niliyokutuma ukaichume, usiitupe pale chini, mdudu atatoka atapanda tena. Okoteza na zilizodondoka zote, tia kwenye debe, mwagia maji yanayochemka.